Fowili ya kwadi si moja: ya mchanga wa Mambrui na ya matope ya Marafa

Mpwa wangu alinipigia simu saa nne usiku, saa ambazo mtu hupiga ama ana msiba ama ana pesa. Alikuwa na pesa.

"Shikamoo mjomba. Nimepata kwadi mbili, zote fowili, bei zimepishana kidogo tu. Nichukue ipi?"

"Marahaba. Fowili ya namna gani?"

Akanyamaza. "Fowili ni fowili, mjomba. Magurudumu manne yanavuta."

Hapo ndipo wengi wanapoingia mkenge. Karibu kila kwadi ya kazi, yaani ile pikipiki nene ya magurudumu manne, ina kibandiko cha 4x4 ubavuni, na muuzaji hukipiga kofi kibandiko hicho kama mchuuzi anavyompiga ng'ombe mgongoni. Lakini chini ya kibandiko mna mitambo isiyofanana, na kila mmoja una mahali pake. Kuna unaofaa matuta ya mchanga ya Mambrui, kuna unaofaa njia ya Marafa masika ikishika, na kuna ambao ukiupeleka kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni utaniletea karakana kabla mwaka haujaisha. Mpwa wangu anataka kukodisha kwa watalii. Wiki hiyo hiyo mzee mmoja mwenye ng'ombe na miembe, ng'ambo ya Marafa, alikuwa ameniuliza swali lilo hilo. Niliwapa majibu mawili tofauti.

Kisa chote kiko mbele

Ukikata kona, gurudumu la nje huenda njia ndefu kuliko la ndani. Kifaa kinachoyaachia magurudumu mawili yapishane mwendo ni difu. Nyuma, kwadi nyingi za kazi hazina difu: magurudumu mawili yamefungwa pamoja, na kona ikija moja huburuzwa kidogo. Juu ya mchanga au udongo kuburuzwa huko hakuna neno. Mbele hali ni nyingine, maana mbele ndiko unakokatia kona. Magurudumu ya mbele yakifungwa pamoja, usukani unakuwa mzito kama unaigeuza ngalawa ikiwa juu ya mchanga mkavu.

Basi mbele hutiwa difu, na difu ya kawaida ina tabia moja mbaya. Huyapa magurudumu mawili nguvu sawasawa, na anayepima nguvu hiyo ni yule dhaifu. Gurudumu la kushoto likining'inia juu ya shimo, halihitaji nguvu yoyote ili lizunguke, na la kulia, hata kama limekanyaga jiwe, hupewa kiasi hicho hicho, yaani karibu na bure. Una kibandiko cha 4x4, lakini saa ya shida umebaki na magurudumu mawili ya nyuma yanayojichimbia kaburi.

Honda walitoa kwadi yao ya kwanza ya magurudumu manne yanayovuta, TRX350 ya FourTrax, mwaka 1986. Tangu hapo kila kiwanda kinahangaika na fumbo moja: mbele pawe huru wakati wa kona, pabane wakati wa shida. Walivyolitegua ndivyo kwadi zinavyotofautiana, na ukishajua nani anayeamua kubana, wewe au mashine, umeshajua nusu ya unachonunua.

Kitufe: unaamua wewe

Yamaha Grizzly, Suzuki KingQuad, na CFMOTO ya Kichina zinafuata fikra moja. Swichi iko kwenye usukani, kidole gumba kinaifikia, na ina hatua tatu. Ya kwanza, nyuma peke yake kunavuta. Ya pili, mbele nako kunavuta lakini difu haijafungwa. Kwenye Grizzly hubana kiasi tu. Ya tatu, difu ya mbele imefungwa kabisa, na magurudumu manne yanazunguka kama yamepigwa pini moja.

Kwa mzee wa Marafa sikuwa na haja ya kufikiri sana. Njia yake huwa imara miezi mingi, halafu mvua ya Aprili ikianguka inageuka uji mwekundu, na malori yakipita yanaacha mifereji ambayo kwadi ikiingia hukaa upande: gurudumu moja la mbele liko chini kwenye maji, la pili liko juu linapiga hewa. Mahali kama hapo hutaki mashine ianze kutafakari. Unasimama kabla ya tope, unafunga difu, unaingia polepole kwa gia ya chini, unatoka ng'ambo, unafungua. Umejua ulichonacho kabla hujakihitaji, na kwa maoni yangu hakuna mfumo mwingine unaokupa utulivu huo kwenye matope.

Dosari zake ni za kweli. Difu ikifungwa, Grizzly haikubali kwenda zaidi ya kilomita 35 kwa saa. Kompyuta inaizuia, na inazuia kwa sababu nzuri, kwa kuwa kwadi iliyofungwa mbele ikienda kasi haisikii usukani. Kwenye tope 35 ni nyingi kupita kiasi. Kwenye mchanga, kama nitakavyoeleza, ni kidogo mno.

Halafu kuna kile kitaa cha kwenye dashibodi. Ukibonyeza kufunga, meno ya ndani hayaingiani papo hapo. Lazima yakutane sawa kwanza, na mpaka yakutane kitaa kinameta-meta. Jamaa mmoja aliniletea kwadi yake kutoka Gede ikiwa juu ya pikapu, akiwa ameshashawishika kwamba mota ya difu imekufa. Niliipanda, nikasogea mita tatu huku nikicheza usukani kushoto kulia, kitaa kikatulia. Alinilipa soda mbili, na nauli ya pikapu ilimuuma wiki nzima.

Mota yenyewe ni ndogo, ya umeme, imefungwa kwenye nyumba ya difu huko chini ambako kila kitu hurukia. Ikifa kweli, mara nyingi haijafa yenyewe. Ni plagi yake iliyoingia maji ya chumvi na kuota kutu ya kijani. Anayenunua kwadi ya kitufe hapa pwani ajizoeze kufungua plagi hiyo, kuikausha na kuipaka grisi ya umeme.

Roli: inaamua mashine, lakini lazima uitume mapema

Polaris walikwenda njia nyingine kabisa. Kwenye Sportsman, ndani ya nyumba ya gia ya mbele hamna difu ya kawaida. Mna kizimba chenye roli nyembamba, yaani vijiti vya chuma vya mviringo, na kila gurudumu lina shafti yake inayoingia humo. Ukiwasha swichi ya AWD, ndiyo fowili yao, sumaku ya umeme hukivuta kizimba kikae tayari. Magurudumu ya nyuma yakishika ardhi vizuri, hakuna kinachotokea: mbele kunazunguka bure, usukani mwepesi. Ya nyuma yakianza kuteleza, shafti ya kwenda mbele inaanza kuyapita magurudumu ya mbele mwendo, roli zinapanda kwenye vimteremko vyake na kukabana, na papo hapo kushoto na kulia vyote vinavuta kwa pamoja. Nyuma ikishika tena, roli zinaachia.

Angalia tofauti. Kitufe kikifunga, kimefunga kwenye kona, kwenye tambarare, kila mahali, mpaka ukumbuke kufungua. Roli hufunga kwa muda wa haja tu, na zikifunga zimefunga kweli, si nusu nusu, tena bila kukuzuia mwendo. Kwa mtu asiyejua kitu, yaani mtalii aliyeshuka ndege jana, unawasha swichi asubuhi na kumwambia asiiguse.

Asiiguse, kwa sababu hapo ndipo mfumo huu unapovunjika. Ukiwa umezama, magurudumu ya nyuma yanazunguka kwa hasira, ndipo ukumbuke kuwasha AWD, roli zinarushwa kwenye kabari kwa nguvu yote ya injini. Kitabu cha mashine kinasema uachie gesi kwanza, magurudumu yasimame, ndipo uwashe. Mimi nimefungua nyumba ya gia ya mbele nikakuta kizimba kimevunjika vipande, na mwenye kwadi akaniapia kwamba yeye alikuwa "anaenda polepole tu". Mchanga uliokuwa umejaa mpaka chini ya kiti ulisema vingine.

Jambo la pili ni mteremko. Ukiachia gesi kwenye mteremko, injini inashika breki, lakini kwenye mfumo wa roli breki hiyo inakwenda nyuma peke yake. Mbele roli zimeachia. Grizzly ikiwa kwenye fowili, injini hushika magurudumu yote manne. Tofauti hii huioni barabarani. Utaiona siku unashuka upande mkali wa tuta na mkia wa kwadi unaanza kutaka kukutangulia. Baadhi ya Sportsman zina kifaa cha ziada kinachozifanya roli zishike na kushuka pia. Ukikutana na hiyo, ni afadhali kubwa.

Jambo la tatu ni dogo lakini linaniudhi: oili ya gia ya mbele ya Polaris si oili ya difu unayoinunua dukani. Ina yake maalumu. Ukitia nzito ya kawaida, kizimba kinaburuzwa au kinachelewa, na utasema mfumo ni mbovu kumbe umeulisha chakula cha mwingine. Agiza lita mbili siku unapoagiza kwadi.

Alasiri moja ng'ambo ya Sabaki

Maneno ya karakana yana mwisho, kwa hivyo mimi na mpwa wangu tuliazima Grizzly moja na Sportsman moja tukavuka daraja la Sabaki. Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mbali. Tulikwenda kwenye matuta yaliyo kati ya mdomo wa mto na Mambrui, tukachagua tuta moja lenye mchanga mkavu wa juu, ule unaopitisha mguu mpaka kwenye kifundo.

Grizzly ilianza. Tukaweka fowili bila kufunga difu, tukachukua mwendo kutoka chini. Ilifika theluthi mbili ya tuta, ikaanza kukohoa, ikasimama. Mpwa wangu akasema, "Sasa funga, mjomba." Tukarudi chini, tukafunga, tukajaribu tena. Safari hii haikufika hata nusu. Alishangaa sana, na mimi nilikuwa nangoja ashangae. Tuta la mchanga hulipandi kwa kuvuta. Unalipanda kwa kasi uliyoichuma chini. Tulipofunga difu tulipewa kilomita 35 tu za kuanzia, na mchanga ulizila zote kabla hatujafika kunakopanda sana. Kufunga difu kwenye mchanga ni dawa ya kujitoa ukishazama, kwa taratibu, si ya kupandia.

Sportsman ilipanda mara ya kwanza. Nyuma iliteleza kidogo pale pa laini, nikasikia mbele kunashika, ikaendelea na kasi yake yote. Mpwa wangu akapiga kofi. Nikamwambia ashuke upande wa pili, ule mkali, bila kugusa breki. Alishuka, na katikati ya njia mkia ukaanza kuteleza kulia. Aliunyoosha kwa kuongeza gesi kidogo, jambo ambalo yeye analijua kwa sababu amekulia kwenye bodaboda. Mtalii angebana breki, na hapo ndipo hadithi za hospitali zinapoanzia.

Halafu nikafanya nililokuwa nimelificha. Nilitoa geji nikapima upepo wa tairi za Grizzly: 20. Kijana wa kituo cha mafuta alikuwa ameijaza kwa huruma, kama anayejaza bodaboda. Tairi za kwadi ni pana na laini, nyingi zinataka 5 hadi 7 tu kwa kipimo cha psi, na kiwango chake kimeandikwa kwenye kibandiko chake au kitabuni. Tukashusha mpaka 6. Grizzly ile ile, fowili bila kufunga, ikapanda mpaka juu na kushuka kwa adabu, magurudumu yote manne yameshikwa na injini.

Kwa hivyo kama swali ni mchanga peke yake, tofauti kati ya mifumo hii miwili ni ndogo kuliko tofauti kati ya upepo 20 na upepo 6. Nalisema hili nikijua kwamba halimuuzii mtu kwadi.

Zinazobana zenyewe: Can-Am na Honda

Can-Am Outlander hutumia difu inayoitwa Visco-Lok. Haina kitufe cha kufunga. Swichi ni ya kuchagua magurudumu mawili au manne basi. Ndani mna mafuta ya silikoni na pampu ndogo. Gurudumu moja la mbele likianza kumkimbia mwenzake, tofauti hiyo ya mwendo ndiyo inayoendesha pampu, shinikizo linapanda, sahani za klachi zinabanwa, na polepole pande mbili zinaungana. "Polepole" hapa ni sehemu ya sekunde, lakini ni lazima gurudumu lizunguke bure kwanza kidogo. Kwa hiyo anayeendesha Can-Am kwenye shimo anatakiwa awe na moyo: asiachie gesi gurudumu linapopiga hewa, aishikilie palepale, difu itabana. Mwoga anayeachia na kukanyaga, kuachia na kukanyaga, kila mara anaanza upya.

Ninaipenda kwa ufukweni. Inabana bila kugutua usukani, na hakuna cha kumfundisha mteja. Nisichokipenda ni kwamba huwezi kuifunga mapema ukiona tope liko mbele. Baadhi ya Can-Am za miaka ya karibuni zina Smart-Lok inayoongozwa na kompyuta na unayoweza kuiamuru, ila hiyo ni umeme juu ya umeme, na mimi ni mtu wa Malindi. Chumvi inaingia hata kwenye saa ya ukutani.

Honda ndiyo niliyomchagulia rafiki yangu anayesimamia kingo za vidimbwi vya chumvi. Rancher na Foreman nyingi zina difu ya mbele inayobana kwa kadiri ya nguvu inayopita ndani yake, bila silikoni na bila sumaku. Haifungi kabisa. Ukining'iniza gurudumu moja hewani itakuangusha, isipokuwa ujue ujanja wa kugusa breki ya mbele kidogo huku ukiongeza gesi, ili difu idhani gurudumu linalopiga hewa lina mzigo. Lakini kingo za vidimbwi ni tambarare; zikikauka ni ngumu, zikilowa zinateleza, na mashimo ya kuning'iniza gurudumu hayapo. Anachohitaji ni mashine yenye vitu vichache vya kuliwa na chumvi. Tena Honda hizo hazina ule mkanda wa raba unaoendesha karibu kwadi zote nyingine nilizozitaja. Zina gia na klachi kama pikipiki. Mkanda ukilowa, unateleza, na ukiteleza hakuna fowili itakayokuokoa, kwa kuwa nguvu imepotea kabla haijafika kwenye magurudumu.

Yapo matoleo ya Honda yenye kufunga difu pia, kwa hivyo soma kabla hujalipa. Jina likiwa moja haimaanishi mtambo ni mmoja.

Kawasaki Brute Force nitaipitia haraka. Ina kishikio upande wa kushoto wa usukani, kama cha klachi, unakivuta na difu ya mbele inabana kwa kiasi unachovuta: kidogo ukitaka kidogo, yote ukitaka yote. Ni fikra nzuri kuliko zote nilizozitaja, na ni ya mtu mmoja mwenye mkono. Ukiikodisha, mmoja atakivuta safari nzima mpaka vidole vife ganzi, mwingine atadhani ni breki.

Ukiendea ya mkononi

Kwadi nyingi zinazouzwa Malindi zimeshatumika, na nyingi zimetumika na watu waliokodi, ambao ni adui wa kila kitu chenye gurudumu. Usikubali kuonyeshwa kitaa cha 4WD kinawaka. Kitaa kinawaka hata kama ndani mmeshakuwa unga.

Ikiwa ya kitufe, inua mbele kwa jeki au juu ya gogo, magurudumu ya nyuma yabaki chini. Weka fowili bila kufunga, zungusha gurudumu moja la mbele kwa mkono: la pili linatakiwa lizunguke kinyume. Sasa funga difu, subiri kitaa kitulie, jaribu tena. Lisizunguke kabisa. Likizunguka, kufunga hakupo, na bei ishuke au uondoke. Ikiwa ya roli, ijaribu kwenye mchanga: iwashe swichi ikiwa imesimama, ondoka kwa nguvu, kisha shuka uangalie nyayo za tairi. Mchanga hausemi uongo kama muuzaji. Nyayo za mbele zikiwa laini na safi, za nyuma zimechimba, mbele hakuvuti.

Fungua kifuniko cha oili ya difu ya mbele, chovya kijiti. Ikitoka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Mara nyingi wamevuka maji na mpira wa kupumulia wa difu umekatika au umetoka. Tazama raba za jointi za shafti za mbele, zile za mikunjo. Raba iliyopasuka, hapa kwetu, ni mchanga ndani ya jointi, na jointi haingoji mwezi.

Mwenzangu mmoja wa Lamu aliponisikia nikieleza haya akaniuliza kwadi gani inafaa matuta ya Shela. Nilimwambia hakuna. Matuta yale ndiyo yanayohifadhi maji matamu ya mji wa Lamu chini yake, yaacheni yalale. Na hata huku kwetu, kasa hutaga mayai juu ya mstari wa maji kujaa, kwa hiyo anayepita ufukweni apite kwenye mchanga ulolowa, chini, maji yakiwa yamekupwa. Ndiko kwenye mchanga mgumu pia, na hapo hata fowili huihitaji.

Walichochukua

Mzee wa Marafa alichukua CFMOTO ya kitufe. Nilimwambia Grizzly ingedumu zaidi, akanitazama kama ninayemwambia auze ng'ombe wanne zaidi, na alikuwa na haki yake. Alichoniuliza mwisho ni kama ng'ombe wataizoea sauti. Wameizoea. Kitufe cha kufunga anakitumia labda mara mbili kwa wiki mvua ikinyesha, na plagi ya mota anaipaka grisi mwenyewe kila mwezi, kazi ambayo wateja wangu wa mjini hawaifanyi hata nikiwaandikia ukutani.

Rafiki yangu wa chumvi alipata Foreman iliyotumika, na malalamiko yake mpaka sasa ni ya kiti.

Mpwa wangu aliniumiza kichwa. Nilitaka achukue Can-Am, kwa sababu haina cha kubonyeza na haina cha kuvunja kwa kubonyeza. Zilizokuwepo zilikuwa nzito na za bei kubwa, na kwadi ya kukodisha ikilala ubavu lazima wavulana wawili waweze kuiinua. Akabaki na zile mbili za simu ya usiku: Grizzly na Sportsman. Kwa matuta na watalii nikamwambia achukue Sportsman, kwa sharti mbili. Swichi ya AWD aifunike kwa kipande cha raba, iwashwe na mwongozaji peke yake kabla ya kuondoka. Na njia ya ziara izunguke ule upande mkali wa tuta, wateja washuke kwa mgongo mrefu wa kusini. Akasema Waitaliano wanapenda upande mkali. Nikamwambia awapeleke kwa miguu.

Juzi amenitumia picha kutoka Mambrui. Sportsman imezama mpaka kwenye ekseli, mteja amesimama kando anacheka, na mchangani nyayo nne, zote nne zimechimba kina kimoja, sawasawa kama zimepimwa kwa rula. Mfumo umefanya kazi yake yote. Nikamwandikia: "Upepo ngapi?"

Alichelewa kujibu. Halafu: "Mjomba, alijaza yule kijana wa kituo cha mafuta."